Saa Nne Hadi Saa Nane

Kuna sheria Kenya inayotaja saa ambayo rais anafaa kula kiapo. Sheria ya Kuchukua Ofisi ya Rais, iliyopitishwa mwaka wa 2012, inataka shughuli ifanyike hadharani, katika jiji kuu, na kiapo kiliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Siku nayo tayari imetajwa na Katiba: Jumanne.

Mara ya kwanza kusoma kifungu hicho nilicheka. Kilinikumbusha ile karatasi ya programu ambayo hutupwa kila kiti kwenye harusi zetu. Saa nne, maharusi kuwasili. Saa sita, picha. Saa saba, chakula. Saa nane, keki. Unaijua. Unajua pia kwamba saa nane bibi harusi atakuwa bado saluni, shangazi watatu watakuwa wamekwama kwenye jam ya Thika Road, na emsii atakuwa anarudia mzaha uleule huku akitupia jicho sufuria za pilau. Kwetu programu huandikwa kwa kalamu ya matumaini. Sasa imekuwaje serikali, yenye ving'ora na barabara za kufunga, iambiwe na sheria saa ya kufika kwenye shughuli yake yenyewe?

Halafu nikaacha kucheka. Ukipita ukutani ukakuta pameandikwa "Usikojoe hapa", huhitaji kuambiwa kilichotangulia. Sheria nazo ziko hivyo. Saa haitajwi bure. Na kwa kweli, ukifuatilia saa ambazo Kenya imezichagulia siku zake kubwa, unaweza kusimulia historia ya nchi hii yote: ilianza na saa sita ya usiku, ikapita kwenye magharibi moja mbaya, ndipo ikafika mchana.

Saa sita ya usiku

Tuanze na usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 12 Desemba 1963, kando ya barabara ya Lang'ata, pale panapoitwa Uhuru Gardens leo. Umati umejaa. Jukwaani yuko Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu. Yuko Malcolm MacDonald, Gavana wa mwisho, ambaye kesho yake ataamka akiwa Gavana Mkuu. Yuko Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, aliyetumwa kumwakilisha mkewe. Saa sita inapokaribia, taa zinazimwa. Bendera ya Mwingereza inateremshwa gizani. Taa zinapowashwa, bendera inayopanda ni nyeusi, nyekundu na kijani, na ngao katikati. Inasimuliwa kuwa kabla ya dakika ile Philip alimwinamia Kenyatta akamuuliza kwa utani kama bado angependa kubadili mawazo.

Hebu ufikirie zile taa. Kuna mtu aliyekaa mezani siku nyingi kabla, akaamua kwamba bendera ile isionekane ikishuka. Hiyo ndiyo kazi ya ratiba. Kabla siku haijafika, imeshaamua utakachokiona na utakachofichwa.

Lakini kwa nini usiku wa manane, saa ambayo watu wamelala na mbu wako kazini? Jibu ni la kisheria. Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha Sheria ya Uhuru wa Kenya, iliyosema kwamba kuanzia tarehe 12 Desemba serikali ya Uingereza haitakuwa tena na jukumu la kuitawala Kenya. Kwa kalenda ya Mzungu, tarehe huzaliwa saa sita ya usiku. Ukitaka kumwona mkoloni akitoka mlangoni dakika ileile tarehe inapogeuka, ni lazima ukae macho.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku mpya huanza jua linapotua. Jumatano ikishapita magharibi, usiku unaofuata ni usiku wa Alhamisi. Saa zetu zenyewe zinafuata jua: saa moja ya usiku ni saa ya kwanza ya giza, saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga. Kwa hesabu hiyo, Alhamisi ya uhuru ilianza watu wakiwasha taa za jioni, na ile bendera ikaendelea kupepea juu ya siku isiyokuwa yake kwa karibu saa sita. Tulipata uhuru wetu kwa saa ya mwenyewe nyumba aliyekuwa anahama.

Ratiba hiyo haikubuniwa Nairobi. Uingereza ilikuwa imeifanyia mazoezi India, na kule ilionyesha hatari zake mapema. Mwaka wa 1947 India iligawanywa nchi mbili, India na Pakistan, na Lord Mountbatten alihitajika kwenye sherehe zote mbili. Mtu hawezi kuwa Karachi na Delhi kwa wakati mmoja. Kwa hivyo akaenda Karachi tarehe 14 Agosti, akarudi Delhi kwa shughuli ya usiku wa manane wa kuamkia tarehe 15. Hadi leo Pakistan inasherehekea tarehe 14 na India tarehe 15. Ila ratiba ile ilificha jambo zito zaidi. Mpaka kati ya nchi hizo mbili ulikuwa tayari umechorwa, lakini ulitangazwa tarehe 17 Agosti. Watu wa Punjab na Bengal walishangilia uhuru bila kujua wako nchi gani. Kulikuwa na siku mbili kati ya sherehe na habari, na aliyepanga alijua anachokipanga.

Baada ya hapo ratiba ikawa kama sare ya shule, mdogo anamrithi mkubwa. Ghana mwaka wa 1957. Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Uganda tarehe 9 Oktoba 1962. Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963, na Prince Philip akiwa mgeni wa heshima, kisha huyo akaja Nairobi kwa yetu, siku mbili baadaye. Ukitazama vizuri utaona kwamba tarehe za nchi mbili jirani zilikaa vizuri kwenye shajara ya mgeni mmoja. Mwezi mmoja baada ya hapo, tarehe 12 Januari 1964, serikali ile iliyokabidhiwa Zanzibar ilipinduliwa. Bendera iliyopandishwa usiku wa manane haikumaliza hata siku arubaini.

Hata hivyo, nisiinyime ratiba ile ya 1963 haki yake. Ndani yake Wakenya walipata nafasi zao, na baadhi walizijaza kwa namna ambayo bado inanisisimua. Chukua muziki. Bendera ikipanda lazima bendi ipige kitu, na nchi haikuwa na wimbo. Ikaundwa kamati ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, na sauti waliyoichagua ilitoka kwa Wapokomo wa mto Tana. Ilikuwa bembelezo. Wimbo wa kumlaza mtoto ukapangiwa saa ambayo nchi nzima ilikuwa imekataa kulala. Na mbali na jukwaa, kwenye baridi ya Mlima Kenya, Kisoi Munyao na wenzake walipanda na bendera ya pili, ili uhuru uonekane hadi kileleni.

Lakini kila programu ina watu ambao hawamo. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 akazikwa kaburi lisilo na alama. Usiku ule alikuwa ardhini, mwendo wa gari tu kutoka uwanjani, na hakuna dakika iliyotengwa kwa ajili yake. Wenzake waliokuwa bado misituni walitoka siku zilizofuata, wengi wakikusanyika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, na nywele zao na silaha zao za kujitengenezea. Walikuja kwenye sherehe viti vikiwa vimeshakunjwa. Mau Mau yenyewe iliendelea kuwa kundi haramu katika vitabu vya sheria vya Kenya huru hadi mwaka wa 2003. Sanamu ya Kimathi pale mjini ilizinduliwa 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa kwake. Mtu akikosa nafasi kwenye programu ya siku ya kwanza, kumtafutia nafasi baadaye huchukua umri wa mtu mzima.

Pamoja na hayo yote, saa sita ile ya usiku ilikuwa na jambo moja jema ambalo sikulithamini mpaka nilipofika mwaka wa 2007 katika kusoma kwangu. Kila mtu aliijua mapema. Aliyealikwa aliijua na asiyealikwa aliijua. Aliyekuwa mbali angeweza kuingoja na redio yake. Ilikuwa giza, lakini lilikuwa giza lililotangazwa.

Magharibi

Jumatatu, tarehe 30 Desemba 2002, Uhuru Park. Ukiwa umezaliwa miaka hiyo, waulize wazazi wako. Siku tatu baada ya kura, Mwai Kibaki aliapishwa mchana kweupe, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu ndani ya plasta baada ya ajali ya barabarani. Watu walipanda miti. Walijaa kuanzia nyasi hadi barabara. Moi, aliyekuwa ametawala tangu 1978, alikaa pale jukwaani akazomewa na kurushiwa matope. Kwa upande wa mpangilio shughuli ilikuwa vurugu tupu, ile ya umati kuizidi kamati. Lakini hakuna mtu Kenya aliyewahi kusema haikutokea. Mashahidi walikuwa maelfu kwa maelfu, na jua lilikuwa utosini.

Sasa ongeza miaka mitano, siku kwa siku. Jumapili, tarehe 30 Desemba 2007. Kura zilikuwa zimepigwa tarehe 27, na kwa siku tatu nchi ilikuwa imekaa mbele ya runinga ikihesabu pamoja na tume. Jioni hiyo ukumbi wa KICC ukavurugika, askari wakaingia, na mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, akayasoma matokeo katika chumba kidogo, mbele ya kamera ya KBC. Kibaki kura 4,584,721. Raila Odinga kura 4,352,993. Kabla saa nzima haijapita, kamera zikawa kwenye nyasi za Ikulu. Jaji Mkuu Evan Gicheru alikuwa pale. Biblia ilikuwa pale. Wageni walikuwa wameketi. Jua lilikuwa linatua Kibaki akila kiapo.

Tulia kidogo kwenye picha hiyo, kwa macho ya mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati yoyote ya shughuli, hata ya ruracio. Viti haviji vyenyewe. Maikrofoni haijiwashi. Jaji Mkuu hapiti Ikulu Jumapili jioni kuazima chumvi. Shughuli ile ilikuwa na ratiba, tena iliyofuatwa kuliko harusi yoyote niliyowahi kuhudhuria. Tofauti na zile nyingine ni kwamba ratiba yenyewe ilijulikana na walioketi kwenye nyasi tu. Sisi wengine tuliarifiwa na matokeo yake.

Watu wa pwani wana miiko mingi kuhusu magharibi. Ni saa ya kuwaingiza watoto ndani. Biashara kubwa haifungwi saa hiyo, wala mgeni haagwi. Ni saa ambayo mtu anaonekana na haonekani. Sitaki kumsingizia jini yeyote mambo ya siasa. Ila ukiwauliza watu wazima wa Nairobi, Kisumu au Eldoret wanakumbuka nini kuhusu siku ile, wengi hawatakutajia idadi ya kura. Watakutajia saa. "Ilikuwa jioni." "Giza lilikuwa linaingia." Usiku huohuo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi ikalala bila habari, na ilipoamka ilikuwa inaungua. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Sisemi kwamba watu hao waliuawa na saa. Ghasia zile zilikuwa na mizizi ya ardhi, ya kabila, ya kura zenyewe na ya wanasiasa waliojua pa kuwasha kiberiti. Lakini nasema hivi: kati ya kutangazwa na kuapishwa kungekuwa na siku kumi tu, mtu mwenye malalamiko angepata mlango wa kubisha. Angekwenda mahakamani. Angehesabu upya. Angepoa, au angalau angechoka. Badala yake alipewa dakika, na katika dakika zile kila mlango ukafungwa. Katiba ya zamani haikulazimisha nafasi yoyote kati ya matokeo na kiapo. Ndipo mtu mwenye saa nzuri akaweza kuishinda nchi nzima mbio.

Hesabu ya Jumanne

Sasa turudi kwenye ile sheria iliyonichekesha.

Katiba ya 2010, kifungu cha 141, inasema rais mteule ataapishwa hadharani mbele ya Jaji Mkuu. Ikiwa hakuna kesi, kiapo ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya kumi na nne tangu matokeo yatangazwe. Ikiwa kuna kesi na Mahakama ya Juu ikakubali ushindi, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi. Ile sheria ya 2012 ndiyo ikaja kuongeza jiji na saa. Ikaunda pia kamati ya maandalizi, wamo Mkuu wa Majeshi, Inspekta Jenerali wa Polisi na Msajili Mkuu wa Mahakama, na ndani yake wapo pia watu waliopendekezwa na rais mteule. Ikapanga hata vitu vinavyobadilisha mikono: rais anayeondoka anamkabidhi anayeingia upanga na Katiba.

Ni kamati ya harusi kabisa. Nani abebe nini, nani asimame wapi, nani aongee baada ya nani.

Fanya hesabu uone inavyofanya kazi. Mwaka wa 2013 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi tarehe 30 Machi. Siku ya saba ni tarehe 6 Aprili. Jumanne iliyofuata ni tarehe 9. Uhuru Kenyatta akaapishwa Kasarani tarehe 9 Aprili. Mwaka wa 2017, baada ya uchaguzi wa kwanza kufutwa na wa pili kurudiwa, uamuzi ukaja tarehe 20 Novemba. Siku ya saba ni tarehe 27, Jumatatu. Kiapo kikawa tarehe 28. Mwaka wa 2022 uamuzi ulikuwa tarehe 5 Septemba. Siku ya saba, tarehe 12, Jumatatu. William Ruto akaapishwa tarehe 13. Hakuna simu iliyopigwa gizani. Mwanafunzi yeyote mwenye kalenda ya ukutani angeweza kukuambia siku, na mama anayeuza bendera ndogo pale Roysambu angeweza kununua mali yake mapema.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kifungu kile ni kumbukumbu. Wengine hujenga minara. Sisi tuliandika saa. Saa nne hadi saa nane ni ule muda ambao jua la Nairobi haliwezi kumficha mtu, na mtu asiyejua habari za jioni ya 2007 akikisoma kifungu hicho ataona urasimu tu.

Nisiipambe sana, lakini. Ratiba nzuri haigeuzi kura mbaya kuwa nzuri. Wala haifungui lango. Mwaka wa 2022 watu walifika Kasarani kabla ya mapambazuko ili wapate nafasi, uwanja ukajaa mapema, na waliobaki nje wakasukumana langoni hadi wengine wakajeruhiwa. Programu ya ndani ilikuwa imepangwa dakika kwa dakika. Ya lango hakuna aliyeipanga. Ukiwaalika watu hadharani, lazima upange pia watakapoingilia.

Ratiba za watu

Serikali haikuwahi kuwa peke yake katika kupanga siku. Mwaka wa 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walitangaza mkutano wa kudai vyama vingi, uwanja wa Kamukunji, tarehe saba mwezi wa saba. Moi aliukataza. Siku tatu kabla, wote wawili walitiwa kizuizini. Kwa hesabu ya kawaida shughuli hiyo ilikuwa imekufa: waandaaji jela, uwanja umefungwa, kibali hakuna. Lakini tarehe ilikuwa imeshatoka midomoni mwa watu, na tarehe haina mikono ya kufungwa pingu. Watu walijitokeza, polisi wakapiga risasi, watu wakafa, na Saba Saba ikawa jina. Leo ukisema Saba Saba hakuna anayeuliza mwaka.

Wanasiasa walijifunza somo hilo. Baada ya uchaguzi wa 2017, upinzani ulipotaka kumwapisha Raila Odinga kama "rais wa wananchi", tarehe ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa 12 Desemba, siku ya Jamhuri. Ikaahirishwa. Hatimaye ikawa tarehe 30 Januari 2018, Uhuru Park, na vituo vikubwa vya runinga vikazimwa ili tusione. Angalia kalenda. Tarehe 12 Desemba 2017 ilikuwa Jumanne. Tarehe 30 Januari 2018 ilikuwa Jumanne pia. Hata shughuli ambayo serikali iliiita uhaini ilitaka kuvaa nguo za sheria.

Halafu tukaja sisi. Juni 2024. Mswada wa Fedha una ratiba yake Bungeni: kusomwa mara ya pili, kusomwa mara ya tatu, kura. Zamani ratiba hiyo ilikuwa ya wabunge na waandishi wa habari. Safari hii vijana waliichukua wakaibandika kila mahali, kwenye simu, kwenye mathree, kwenye magrupu ya familia ambako kwa kawaida watu hutumiana maombi ya asubuhi. Jumanne tarehe 18. Alhamisi tarehe 20. Jumanne tarehe 25. Mabango yalikuwa na saa, mahali pa kukutana, rangi ya nguo, na kikumbusho cha kubeba maji. Hakukuwa na mwenyekiti wa kukamatwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ile tarehe ya 25 wabunge walipitisha mswada, waandamanaji wakaingia Bungeni, na polisi wakawapiga watu risasi. Kesho yake rais akasema hatautia saini.

Waliouawa siku ile walikuwa wametoka nyumbani wakijua saa. Nalirudia hilo kwa sababu nimewasikia watu wazima wakisema vijana wale walikurupuka. Hapana. Walikuwa na programu, na waliifuata kwa usahihi kuliko taasisi nyingi ninazozijua.

Kwa hivyo siku hizi nikiona mtu anadharau karatasi ya programu, ati ni mapambo ya kujipepetea wakati wa joto, huwa namvuta kando. Karatasi hiyo inagawa watu makundi mawili, wanaojua na wanaongoja. Mwaka wa 1963 tulijua saa, ingawa hatukuichagua. Mwaka wa 2007 tulingoja, na wengine walikuwa wanajua. Kila kitu tulichokiandika baada ya hapo, ile Jumanne, zile saa nne za mchana, lile neno "hadharani", kilikuwa cha kututoa kundi la pili.

Na kwa kuwa tumefundishwa kuhesabu, tuhesabu. Katiba inasema uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kwa hivyo ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Tuseme matokeo yatangazwe Jumatatu tarehe 16 na pasiwe na kesi. Siku ya kumi na nne ni tarehe 30. Jumanne inayofuata ni tarehe 31 Agosti. Jijini Nairobi, hadharani, kati ya saa nne na saa nane. Kukiwa na kesi, subiri uamuzi, hesabu siku saba, tafuta Jumanne. Iandike kwa kalamu ya wino. Na yeyote atakayekuambia shughuli imesogezwa jioni, muulize ni nani aliyepanga viti.